Vipuri vya kompyuta ya michezo: Namna ya kuigawa Sh250,000

KOMPYUTA ya michezo ni ile inayoundwa kwa nia ya kuchora picha nyingi kwa sekunde moja bila kukwama. Kwa hilo inatofautiana sana na kompyuta ya ofisini, ambayo kazi yake kubwa ni kumsubiri mwenyewe apige herufi. Tofauti hiyo ndiyo inayoifanya iwe ghali, na ndiyo inayoeleza kwa nini vijana wengi huamua kununua vipuri kimoja kimoja na kuviunganisha wenyewe badala ya kununua mashine iliyokwisha kuundwa dukani.

Makala haya yanamlenga msomaji mwenye kiasi cha fedha kisichoweza kuongezwa. Tumechukua Sh250,000 kuwa mfano. Kwa kijana wa Nairobi, Kisumu au Mombasa, hizo huenda zikawa akiba ya mwaka mzima au zaidi, ilhali stakabadhi nyingi za maduka ya elektroniki huandikwa chini kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Anayekosea kipuri kimoja hana fungu la pili la kukirekebishia.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba karibu vipuri vyote huagizwa kutoka ng'ambo na hulipiwa kwa dola. Mnamo Januari 2024 dola moja ilifika takriban Sh160; katika mwaka wa 2025 ilitulia karibu na Sh129. Kadi ya dola 599 ingegharimu takriban Sh95,800 katika kiwango cha kwanza na Sh77,300 katika cha pili, kabla ya nauli, ushuru, kodi ya VAT ya asilimia 16 na faida ya muuzaji. Kwa hivyo, bei za uzinduzi tutakazozitaja, ambazo ni za soko la Marekani na hazina kodi ndani yake, zichukuliwe kuwa sakafu tu. Mtu asiende nazo Luthuli Avenue akitarajia kuuziwa kwazo.

Skrini ndiyo inayoamua

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza ni kadi ipi iliyo bora. Swali hilo halina jibu kabla ya kujua kadi yenyewe itaulisha picha upande gani, yaani skrini ni ya aina gani. Skrini ya kawaida ina pikseli 1,920 kwa 1,080, jumla yake ikiwa zaidi kidogo ya milioni mbili. Ile ya kati ina 2,560 kwa 1,440, ambazo ni karibu milioni 3.7. Skrini ya 4K ina 3,840 kwa 2,160, jumla ikiwa karibu milioni 8.3. Kadi inayochora vizuri katika ya kwanza inaongezewa kazi mara nne inapounganishwa na ya tatu, na hakuna ufundi wa fundi yeyote utakaoifuta hesabu hiyo.

Kisha kuna kasi. Skrini ya hezi 60 hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, nayo kompyuta hupata takriban milisekunde 16.7 kuchora kila fremu. Skrini ya hezi 144 huipa milisekunde 6.9 pekee. Mchezaji wa Counter-Strike 2 au Valorant, ambapo kufyatua risasi kwanza ndiko kushinda, ataihisi tofauti hiyo mara moja. Anayependa michezo ya masimulizi kama Baldur's Gate 3 hatapungukiwa na lolote kubwa kwa hezi 75.

Kwa Sh250,000, ni busara kuisahau 4K. Kadi ya RTX 5090 ya kampuni ya Nvidia, iliyozinduliwa Januari 2025 kwa dola 1,999, ingemaliza takriban Sh257,900 peke yake kwa kiwango cha Sh129, hata kabla ya kununuliwa waya wa kuichomekea. Lengo linalofikika ni skrini ya pikseli 1,440 kwenda chini, yenye hezi 144 au zaidi, na mchezo uliowekwa katika mipangilio ya juu.

Mgao tunaoupendekeza ni huu. Sh50,000 ziwekewe skrini, kibodi, kipanya, vipokea sauti na kifaa cha kulinda umeme. Sh85,000 ziende kwa kadi ya michoro. Prosesa, ubao-mama na kumbukumbu zigawane Sh78,000. Sh37,000 zinazobaki ni za diski, pawasaplai, kasha na vikorokoro vidogo. Anayemiliki skrini nzuri tayari ana bahati, na fungu lake la skrini liende lote kwa kadi.

Hapa inafaa tusahihishe lugha kidogo, kwa sababu imewatia watu hasara. Mitaani, kasha zima huitwa 'CPU'. Jina hilo kwa hakika ni la prosesa, kidude kidogo cha mraba kinachotoshea kiganjani. Anayeagiza 'CPU' kwa simu huenda akatumiwa kasha tupu, au prosesa isiyo na kasha, na muuzaji akawa na haki ya kusema alitimiza agizo. Andika jina kamili la kipuri, pamoja na tarakimu na herufi zake zote.

Kadi ya michoro

Hiki ndicho kipuri kinachobeba kazi nzito zaidi, na ndicho kinachodanganya wengi zaidi.

Mtego wa kwanza umo katika majina. RTX 5060 Ti ilizinduliwa Aprili 2025 kwa sura mbili: moja ina kumbukumbu ya gigabaiti 8 na iliuzwa dola 379, nyingine gigabaiti 16 kwa dola 429. Jina ni lile lile na makasha yanafanana. Kampuni ya AMD ilifanya vivyo hivyo Juni mwaka huo kwa RX 9060 XT, ya gigabaiti 8 ikiwa dola 299 na ya 16 dola 349. Muuzaji akikwambia tu "ninayo 5060 Ti", bado hajakwambia anauza nini.

Tofauti hiyo si ya mapambo. Kumbukumbu ya kadi ndiyo ghala la picha za kuta, nyuso, majani na mawe yanayoonekana mchezoni. Ghala likijaa, kadi hulazimika kuchukua mali yake kutoka kumbukumbu ya kompyuta, njia iliyo ndefu na nyembamba zaidi. Hapo mchezo huanza kushtuka-shtuka hata kama kadi yenyewe ina nguvu za kutosha. Michezo mingi ya miaka ya karibuni hulijaza ghala la gigabaiti 8 ikiwekwa katika mipangilio ya juu. Mtu anayekusudia kukaa na kadi yake miaka minne au mitano asinunue ya gigabaiti 8 kwa fedha hizi. Dola 50 za tofauti ndizo dola zenye thamani kubwa zaidi katika bajeti nzima.

Mtego huu wa majina si mgeni. Mnamo 2022 Nvidia ilitangaza RTX 4080 mbili, moja ya gigabaiti 16 na nyingine ya gigabaiti 12 iliyokuwa na chipu dhaifu zaidi. Malalamiko yalikuwa makali kiasi kwamba mwezi Oktoba kampuni iliiondoa ile ndogo kabla haijafika madukani, ikairejesha baadaye kwa jina jingine la RTX 4070 Ti. Mwaka wa 2024 kadi ya RTX 3050 ilitolewa upya ikiwa na gigabaiti 6 badala ya 8, na ndani yake viini vya kuchorea vilikuwa vimepunguzwa pia. Vilevile, chipu za kompyuta za mapajani hubeba majina ya kadi za mezani bila kuwa na nguvu sawa nazo.

Mtego wa pili ni wa takwimu za matangazo. Januari 2025, mkuu wa Nvidia, Jensen Huang, alisema RTX 5070 ya dola 549 ingetoa utendaji wa RTX 4090, kadi iliyozinduliwa kwa dola 1,599. Kauli hiyo ilitegemea teknolojia inayobuni fremu za ziada kwa akili unde na kuzipachika kati ya zile zilizochorwa kwa kweli. Fremu hizo hulainisha mwendo machoni, lakini hazipunguzi muda kati ya kubonyeza kitufe na kuona tokeo lake. Ukisoma vipimo vya kadi, tafuta vile vilivyofanywa bila fremu za kubuniwa, katika mchezo unaoucheza na kwa idadi ya pikseli za skrini yako.

Sasa tupige hesabu ya Sh85,000. Kwa kiwango cha Sh129, RX 9060 XT ya gigabaiti 16 ni Sh45,000 za uzinduzi, na ikiongezwa VAT inakaribia Sh52,200. RTX 5060 Ti ya gigabaiti 16 inakaribia Sh64,200 kwa hesabu hiyo hiyo. RTX 5070 yenye gigabaiti 12, na RX 9070 yenye gigabaiti 16, zote za dola 549, zinafika takriban Sh82,200 kabla muuzaji hajaongeza nauli wala faida. Ni wazi kwamba hizi mbili za mwisho zitavuka mgao. Anayezitaka hana budi kupunguza penginepo, na mahali pa kupunguza ni kwenye skrini au prosesa, kamwe si kwenye pawasaplai. Kwa maoni yetu, mnunuzi wa bajeti hii atosheke na mojawapo ya zile mbili za kwanza, na akipata RX 9070 kwa bei nzuri aichukue mbele ya RTX 5070 kwa sababu ya ghala lake kubwa. Hata hivyo, anayetumia kompyuta hiyo pia kuchora katika Blender au kuhariri video afikirie Nvidia kwanza, maadamu programu nyingi za kazi hizo zimezoeana zaidi na kadi zake.

Kuhusu kadi zilizotumika, historia yake inafaa kujulikana. Hadi Septemba 2022, kadi nyingi duniani zilikuwa zikichimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum usiku na mchana. Sarafu hiyo ilipobadili mfumo wake Septemba 15 mwaka huo, uchimbaji kwa kadi ulikoma, na kadi chungu nzima zikamwagika sokoni. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu; kinachochakaa haraka ni feni zake na vibandiko vya kupitisha joto. Hatari kubwa zaidi ni kadi bandia: chipu ya kale iliyobadilishwa programu yake ya ndani ili ijitambulishe kwa jina la kadi mpya. Programu ya bure iitwayo GPU-Z hutambua nyingi za aina hiyo na kuandika neno la kuonya mbele ya jina. Muuzaji asiyekubali kadi iwashwe na ikaguliwe mbele yako amekwisha kukujibu.

Prosesa na ubao-mama

Kanuni moja inatosha kumwongoza mnunuzi hapa: pikseli zikiongezeka, kazi ya kadi huongezeka, lakini kazi ya prosesa haiongezeki kwa kadiri hiyo. Prosesa huamua adui yuko wapi, risasi imegonga nini, ukuta umeanguka vipi. Hayo ni yale yale katika skrini ndogo na kubwa. Ndiyo maana anayecheza katika pikseli 1,440 na kadi ya kati hufaidika kidogo sana kwa kununua prosesa ya bei ya juu.

Ryzen 5 7600 ya AMD, iliyozinduliwa Januari 2023 kwa dola 229, ina viini sita na huja na feni yake ndani ya kasha. Ryzen 7 7800X3D, iliyotoka Aprili mwaka huo kwa dola 449, ina viini vinane na akiba ya ndani ya megabaiti 96, dhidi ya megabaiti 32 za ile ya kwanza. Akiba hiyo kubwa huinua sana idadi ya fremu katika michezo inayotegemea prosesa. Lakini dola 220 zinazozitenganisha ni takriban Sh28,400, na fedha hizo zikipelekwa kwa kadi huzaa matunda zaidi katika skrini tuliyoichagua.

Uzuri wa kuanza na 7600 ni kwamba mlango haufungwi. Soketi yake, AM5, ilianza 2022, na AMD imeahidi kuihudumia hadi 2027 na kuendelea. Soketi iliyoitangulia, AM4, ilianza 2016 na bado ilikuwa ikipokea prosesa mpya mnamo 2024. Mtu aliyenunua ubao wa AM5 leo aweza kuchomoa prosesa yake baada ya miaka miwili na kuweka ya X3D iliyoshuka bei, bila kugusa kumbukumbu wala ubao.

Upande wa Intel, tahadhari moja ni ya lazima. Prosesa za mezani za kizazi cha 13 na 14, hasa zile za nguvu kubwa kama Core i9-13900K na 14900K, zilianza kukwama na kuharibika. Julai 2024 Intel ilikiri kwamba zilikuwa zikiomba volti za juu kupita kiasi kutokana na hitilafu katika maagizo yake ya ndani. Marekebisho yalitolewa kuanzia Agosti, na waranti ikaongezwa miaka miwili. Marekebisho hayo huzuia madhara mapya tu. Hayaponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Anayeuziwa ya mkono wa pili kwa bei ya kuvutia hana njia rahisi ya kujua ilikaa muda gani bila marekebisho.

Ubao-mama hauhitaji maneno mengi. Hauongezi fremu. Wa daraja la B650, wenye nafasi nne za kumbukumbu na nafasi mbili za diski za M.2, unatosha kabisa. Hakikisha tu kwamba BIOS yake inaitambua prosesa unayonunua, kwa kuwa ubao uliokaa ghalani tangu 2022 huenda usiwake na prosesa ya Ryzen 9000 mpaka usasishwe. Mwombe muuzaji akufanyie kazi hiyo kabla hujalipa. Taa za rangi na vibati vya kung'aa ni vya anayezidiwa na fedha.

Kumbukumbu na diski

Hadi katikati ya 2025, sehemu hii ilikuwa nyepesi. Mtu alinunua gigabaiti 32 za DDR5 akaendelea na safari. Mwishoni mwa mwaka huo hali ilibadilika. Kampuni tatu zinazotawala utengenezaji wa kumbukumbu duniani, Samsung, SK Hynix na Micron, zilielekeza sehemu kubwa ya uzalishaji kwa vituo vya akili unde vinavyolipa zaidi. Bei za rejareja zikaruka. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba ingeacha kabisa kuwauzia wateja wa kawaida kwa jina lake la Crucial. Kwa sababu hiyo, mgao wa kumbukumbu na wa diski ndio utakaoyumba kuliko yote, na inafaa uulizie bei zake siku ile ile unapotaka kununua.

Je, mwenye bajeti isiyonyumbuka afanye nini? Gigabaiti 16 bado zinaendesha michezo mingi, mradi hufungui madirisha mengine kumi pembeni. Gigabaiti 32 ndizo za starehe. Wengine hushauri kununua kipande kimoja cha 16 sasa na kingine baadaye. Ushauri huo una mantiki ya kifedha, lakini kipande kimoja hupunguza nusu ya upana wa njia kati ya kumbukumbu na prosesa, na mchezo huhisi. Njia ya kununua vipande viwili vya 8 ina kasoro ya kinyume: ukiongeza viwili vingine baadaye, mbao nyingi za AM5 hulazimika kushusha kasi ili kubeba vipande vinne. Sisi tungechagua vipande viwili vya 16 hata kama itabidi kasha liwe la bei ya chini kabisa. Zikishindikana, vipande viwili vya 8 viuzwe baadaye vyote pamoja.

DDR4 haiingii katika nafasi ya DDR5, kwani pengo lake limekatwa mahali tofauti. Asikushawishi mtu kuilazimisha. Ukishaunganisha kompyuta, ingia kwenye BIOS uwashe mpangilio wa EXPO. Bila hivyo, kumbukumbu uliyoinunua kwa kasi ya 6000 itaendeshwa kwa kasi ya chini ya kawaida, na kuna watu wanaokaa hivyo miaka mingi bila kujua.

Kwa diski, nunua SSD ya aina ya NVMe, ya terabaiti moja. Baldur's Gate 3 peke yake huomba gigabaiti 150. Katika nchi ambamo watu wengi bado hununua intaneti kwa bando, ukubwa wa diski ni suala la fedha pia: diski ikiwa ndogo utafuta mchezo ili upishe mwingine, kisha ulipe tena gigabaiti zile zile ukitaka kuurudia. Diski ya kizazi cha nne inatosha. Ya kizazi cha tano ni ya haraka zaidi katika karatasi za vipimo, ila katika kufungua mchezo tofauti ni ya kutafutwa kwa saa. Jihadhari na diski za majina yasiyojulikana zinazodai terabaiti mbili kwa bei ya chakula cha mchana. Nyingi huonyesha ukubwa wa uongo na hufuta mafaili ya zamani zinapojaa.

Umeme

Pawasaplai ndicho kipuri ambacho wanaobana matumizi hukipunguzia kwanza, na ndicho pekee kinachoweza kuviua vingine vyote kwa wakati mmoja.

Umeme wa Kenya ni wa volti 240. Pawasaplai nyingi za kisasa hujirekebisha zenyewe, lakini zile za zamani na baadhi ya zile za bei rahisi zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye alama 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115 kisha ichomekwe ukutani, kinachofuata ni mshindo na harufu ya kuungua. Kagua swichi hiyo kabla ya jambo lolote.

Hesabu ya wati si ngumu. Prosesa ya Ryzen 5 7600 hufika wati 88 inapofanya kazi kwa nguvu zake zote, nayo RTX 5060 Ti hutumia hadi 180. Ukiongeza ubao, diski na feni, jumla haifiki 350. Pawasaplai ya wati 650 yenye cheti cha 80 Plus Bronze au zaidi huacha nafasi ya kutosha, hata kwa RTX 5070 inayotumia 250. Hata hivyo, cheti hicho hupima tu ni sehemu gani ya umeme inayopotea kama joto. Hakisemi lolote kuhusu ulinzi wakati umeme unapopanda ghafla. Soma kibandiko: wati zinazotolewa kwenye laini ya volti 12 zikiwa chache mno kuliko zile zilizoandikwa kwa herufi kubwa nje ya boksi, iache hapo hapo. Zile zinazokuja bure ndani ya kasha la Sh4,000 zafaa kuwekwa kando.

Kompyuta za ofisi zilizotumika ng'ambo, zile wachuuzi huziita ex-UK, huwavutia wengi kwa sababu mtu aweza kununua moja na kuipachika kadi. Nyingi zina pawasaplai za umbo la pekee zisizobadilika na nyaya zake, na hazina waya wa kulisha kadi kubwa. Kwa kadi ndogo isiyohitaji waya ni njia nzuri ya kuanzia. Kwa mradi wa Sh250,000 ni kupoteza nafasi.

Kukatika kwa umeme nako si jambo geni. Mnamo Agosti 25, 2023 nchi karibu nzima iliingia gizani, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwemo. Umeme ukikatika, hatari kubwa zaidi ni pale unaporudi, kwa kishindo cha volti za juu. Kifaa cha kusubiri umeme utulie, kama kile cha kulinda jokofu, ni cha bei nafuu na ni bora kuliko kukosa chochote. UPS ni bora zaidi, lakini soma wati zake badala ya VA. Ya VA 650 kwa kawaida hubeba chini ya wati 400, na hizo kompyuta na skrini zinaweza kuzimaliza mchezo ukipamba moto. Tena, UPS za bei ya chini hutoa mkondo wenye ngazi ambao baadhi ya pawasaplai nzuri huukataa, zikazima papo hapo. Tafuta yenye mkondo laini ikiwa mfuko unaruhusu. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima, basi.

Kasha liwe na uso wa wavu na feni mbili mbele. Vumbi la Nairobi wakati wa kiangazi huziba kasha la kioo kitupu kwa miezi michache. Mombasa na Lamu, joto na hewa yenye chumvi huongezeka juu yake, na feni ya ziada ni wajibu.

Kununua na kujaribu

Desturi ya kununua kipuri kimoja kila mwezi imeenea, kwa kuwa mishahara huja kwa mwezi. Ni desturi yenye hasara iliyojificha. Waranti ya duka huanza siku ya stakabadhi, wala si siku kompyuta inapowaka. Aliyenunua ubao-mama Januari na kadi Agosti atajua Agosti kama ubao ulikuwa mzima, na kama waranti yake ilikuwa ya miezi sita, imekwisha. Weka fedha benki au kwenye chama mpaka zitimie, kisha nunua vyote ndani ya wiki moja.

Tenga pia fedha za mfumo. Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 bila malipo Oktoba 14, 2025, na kompyuta mpya yafaa ianze na Windows 11. Linux ni ya bure, na tangu Valve ilipotoa Proton mnamo 2018 michezo mingi ya Windows huendeshwa juu yake vizuri. Isipokuwa, michezo kadhaa ya mashindano huikataa kwa sababu ya programu zake za kuzuia udanganyifu: Valorant na Fortnite hazichezeki humo. Jua kwanza rafiki zako wanacheza nini.

Siku ya kuwasha, chomeka waya wa skrini kwenye kadi yenyewe, wala si kwenye ubao-mama. Kosa hili huwafanya watu warudishe kadi nzima wakidhani imekufa. Ingia katika mipangilio ya Windows uibadilishe skrini kutoka hezi 60 hadi 144, kwa maana haijibadilishi. Pima kumbukumbu usiku kucha kwa programu ya MemTest86. Endesha mchezo mzito saa mbili mfululizo huku ukitazama joto la kadi na prosesa. Fanya yote hayo katika wiki ya kwanza, boksi zote zikiwa bado hazijatupwa.

Kipuri kikionekana kibovu, rudi na stakabadhi mara moja, ukiwa na picha za nambari yake ya usajili ulizopiga siku ya kununua. Yale maandishi ya kwamba bidhaa hairudishwi yasikukatishe tamaa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 humpa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake, nayo Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ilipitishwa 2012. Muuzaji anayejua kwamba mteja wake anayajua hayo hutafuta kipuri kingine nyuma ya kaunta upesi zaidi, hasa ikiwa ombi limeandikwa na nakala yake ikabaki kwa mteja.